Kaseti ndani ya kioo

Mambo yaliharibika Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, saa tano asubuhi, Cyriaque akiwa bado na udongo wa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kwenye buti. Watu wa Kinyinya walikuwa wamemaliza kuzibua mitaro, wamekaa kwenye mkutano wa kila mwisho wa mwezi, ndipo dada mmoja wa suti, Jolly, akatangaza kwamba komite yake ya urithi wa muziki inatafuta albamu za jazi za marehemu Damascène, mpiga tarumbeta, zile ambazo watu hawakuzithamini.

Cyriaque akanyoosha mkono kabla hajafikiri. Alikuwa na albamu ya tatu, kaseti iliyorekodiwa Bujumbura, ambayo Damascène mwenyewe alishindwa hata kuigawa bure. Mwisho wa upande wa pili aliimba Médiatrice, mke wa Cyriaque. Tangu amzike, sauti ya mama huyo ilibaki humo tu. Kila Jumapili baada ya misa aliisikiliza, kisha akairudisha nyuma kwa kalamu, betri zisiishe.

"Wiki mbili tu, mzee," Jolly alisema. "Tukiinakili tunakurudishia."

Mwezi wa saba wakamwita Remera kwenye ufunguzi wa maonyesho. Viti vimevishwa vitambaa, hotuba nne, soda ya moto. Kaseti yake iko ndani ya sanduku la kioo, imewashiwa taa kama mtakatifu, nafasi ya kwanza kwenye orodha ya komite ya albamu bora. Chini yake yameandikwa majina ya wapigaji wote, hata fundi wa umeme. Jina la Médiatrice halimo.

"Mke wangu mmemweka wapi?"

"Tutarekebisha kwenye ripoti, mzee."

"Basi niwekeeni nimsikie."

"Sasa haiguswi. Ni urithi."

"Na ile nakala?"

Jolly akatazama viatu vyake. "Mashine ya kunakili bado inasubiri saini ya mkurugenzi."

Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Arthur, alikuwa jukwaani akieleza jinsi albamu hiyo ilivyomgusa moyo, na wanakomite saba wakitikisa vichwa kukubali nyuma yake. Mwishowe akakaribisha maswali. Cyriaque akasimama, akavua kofia kama kanisani.

"Mkurugenzi, mimi sikusoma sana, nisaidie. Kaseti mliyonayo ni hiyo moja, nayo haiguswi, na mashine haijaanza kazi. Katika nyinyi nyote, ni nani aliyeisikiliza?"