Hodi Katikati ya Wimbo

Natalia alikipindua kinu, akaiweka redio kaseti ya katibu wa kijiji juu yake, akaizungushia magunia ya mahindi pande zote. Alikuwa ameambiwa magunia yanameza mwangwi. Kuku alikwishawafukuza, mlangoni ametundika kanga. Akabonyeza kitufe chekundu pamoja na kile cha pembeni yake, maana kimoja peke yake hakinasi kitu, na hilo alilijua baada ya kuimba wimbo mzima bure. Akaanza.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, upande wa Kasekese, nyumba zimenyooka mistari utafikiri mihogo ya shamba la shule. Watu walitolewa Kampisa, huko porini, mwaka 1974, wakapakiwa kwenye lori. Wimbo Natalia aliutunga akipalilia, wimbo wa mvua na mahindi tu, wala hakuwa na nia ya kumfurahisha mtu. Katibu wa kijiji akausikia, akaupenda, akauongezea ubeti: sote tumehama, hakuna aliyebaki. Ungepigwa kwenye vipaza sauti Mpanda mjini siku ya Saba Saba, sauti ya Natalia isikike hadi mitaa ya Shanwe. Tangu aambiwe hivyo alikuwa na furaha na woga kwa pamoja.

Alipofika kwenye ubeti ule, mtu alikohoa nje.

"Hodi hapa."

Natalia akaitika karibu. Sasa ulitaka afanye nini? Kwa watu wale hodi haiachwi hewani; hata aliyefiwa, machozi yakimtoka, huitika kwanza. Kanga ikasogea, akaingia baba yake, mzee Kalisti, aliyefariki Kampisa.

Natalia akasimamisha mashine. Alisikitika kuona kanda imeharibika. Akamletea maji kwenye kata, mzee akanywa yote, akakaa juu ya gunia la maharage na fimbo yake katikati ya magoti. Akauliza kama lile lori limesharudi.

Siku ya kuhama lori lilijaa watu, vyungu na mbuzi. Wazee walioshindwa kupanda waliambiwa wakae hapo hapo na mizigo yao, lori litawarudia kesho. Halikurudi. Warina asali ndio waliowakuta, kila mmoja ameketi na mkeka wake uliokunjwa, wakawazika pale pale. Kijiji kizima kilijua, ila hapakuwa na mahali pa kulisemea.

"Bado, baba," Natalia akasema.

Mzee hakusubiri ugali. Alihofia lori litamkosa.

Ikawa ndiyo kazi. Kila Natalia akirudia kurekodi, ubeti ule ukifika, mzee anakohoa, anabisha hodi, anaitikiwa, anaingia, anakunywa maji, anauliza lori. Majirani walilalamikia betri tu, maana za dukani zilikuwa zimekwisha na hizo zilizobaki Natalia alizianika juani kila asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Saba Saba inakaribia na hana kanda hata moja ya kupeleka.

Katibu akaja kusikiliza. Akainamisha sikio mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mzee Kalisti huyo, na sauti imenaswa safi," akamwambia Natalia. "Lakini Mama Damiano, hapo tunaimba hakuna aliyebaki. Utamwekaje aliyebaki hapo hapo?"

Natalia akaomba ubeti uondolewe. Katibu akajibu kwamba wilayani wameshasomewa wimbo wote, na ubeti walioupigia makofi ndio huo. Kisha akaeleza, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililotisha, kwamba wapo watu walioitwa wapinga maendeleo kwa makosa madogo kuliko hilo, na hawalali tena kwao.

Melkiadi, mume wa Natalia, alikuwa mtu wa kula. Tangu siku hiyo akawa anafinyanga tonge na kulirudisha sahanini.

"Usimwitikie basi," akamwambia mkewe.

"Ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Ndiye aliyenipa mke. Usimwitikie."

Betri zilibakiwa na nguvu ya mara moja. Natalia akaweka mashine juu ya kinu, akabonyeza, akaimba. Kikohozi kikaja. Hodi ikaja. Akashika gunia kwa mikono miwili, akaendelea kuimba. Hodi ikaja tena, ya chini kidogo, ya mtu anayeogopa kusumbua. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke, lakini aliimba mpaka ubeti wa mwisho. Alipofunua kanga, nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama za katambuga, vile viatu vya matairi, zilizofika kizingitini na kugeuka.

Katibu alisema hodi bila jibu si neno, inaweza kuwa ya mpita njia yeyote. Kanda ikaenda Mpanda.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wimbo ukatoka kwenye vipaza sauti, watu wakacheza, mgeni rasmi akagonga meza kwa kidole. Ubeti ule ukafika, kikohozi kikasikika uwanja mzima, na hodi isiyoitikiwa. Watu wakaacha kucheza. Walikuwa Wapimbwe, Wasukuma, Wakonongo, watu waliolelewa vizuri. Wakaitika wote kwa pamoja karibu.

Basi mzee Kalisti akaingia kwa lango kuu, na nyuma yake wenzake wa Kampisa, kila mmoja na mkeka kwapani. Wakapishwa viti, wakapewa soda. Mzee akaenda hadi meza kuu, akasalimia kwa heshima, akauliza habari za lori. Mgeni rasmi akamgeukia katibu. Katibu akasogea kwenye kipaza sauti.

"Kesho, wazee wetu. Linakuja kesho. Rudini mkajiandae."

Watu wakapiga makofi. Wazee wakashukuru, wakainuka.

Natalia akapenya katikati ya watu, akamkuta baba yake langoni. Alitaka kumwambia ukweli, na ukweli alikuwa nao mdomoni. Nyuma yake katibu alikuwa anatangaza kwamba mwimbaji aje mbele, wimbo unarudiwa kwa maombi ya mgeni rasmi.

"Umeimba vizuri, mwanangu," mzee akasema. "Lakini juzi nilipiga hodi kwako, sikuitikiwa."

"Nilikuwa shambani, baba."

"Nilijua tu." Uso wa mzee ukakunjuka. "Nikawaambia wenzangu, huyu wangu angekuwapo angeitika."

Akauweka mkeka vizuri kwapani, akawafuata wenzake kwenye njia ya Kampisa, wakitembea haraka haraka kwa sababu ya kesho.