Nipe Mji

Tabu analala mchana, ndani ya tela ambalo mumewe Mhina aliligeuza nyumba kwa mikono yake mwenyewe: kitanda, jiko, na dirisha la mbele linalotazama pikapu inayowakokota. Walitoka Muheza baada ya Mhina kustaafu, wazunguke miji ya zamani ya bara, ile iliyopitiwa na misafara ya pembe. Kilosa wameiona, Mpwapwa wameiona, na sasa wameegesha kando ya barabara ya kwenda Kondoa. Jinyooshe, Mama Semeni, Mhina anamwambia, natia maji kwenye rejeta, tutaondoka jua likipoa. Tabu anafumba macho, na mara tela linatikisika, linakwenda.

Anajiinua dirishani. Kupitia kioo cha pikapu anaona kisogo cha mumewe, chenye mvi na kovu la jipu la utotoni, naye anatulia. Nje unapita mji: maduka makuukuu yenye nguzo za mbao, mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya kila mlango, stesheni ya mawe kulia, kanisa kushoto. Mji unakwisha, barabara inapinda, na mji uleule unaanza upya, ila sasa stesheni iko kushoto, kanisa kulia, na tarakimu za milangoni zimepinduka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Nao unakwisha. Nao unaanza tena. Barazani wamekaa watu kimya, hakuna hata mmoja anayepunga mkono. Baba Semeni! anaita, hebu simama! Mhina hageuki. Anagonga dirisha kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Hageuki. Usijichoshe, mama, inasema sauti nyuma yake, na Tabu anamwona mtu ameketi kwenye ncha ya kitanda, kavaa koti la kaki, kofia mapajani, na pale palipopaswa kuwa na uso pana ngozi tupu, laini kama ganda la kibuyu. Wewe nani? Kiongozi wa msafara, anajibu, na mdomo hana. Unatupeleka wapi? Kitendawili, anasema yule mtu, na ulimi wa Tabu, bila ruhusa yake, unaitika kama bibi yake alivyouzoeza: Tega. Inakwenda miji yote, na haijatoka ilipo. Saa? Siyo. Kivuli? Siyo. Nipe mji. Mchezo huo Tabu anaujua, aliyeshindwa hutoa mji, na tangu utotoni ametoa miji chungu nzima asipoteze kitu. Chukua Kilosa, anasema. Nilikwenda Kilosa, anasema yule mtu, wenyeji wakanitandikia jamvi, nikala, nikanawa, jibu ni njia. Papo hapo Kilosa inamtoka. Anajua walikwenda, lakini akitafuta walikolala, walichokula, anakuta peupe. Na kule mbele kichwa cha mumewe kinaanza kupitisha mwanga, barabara inaonekana ndani yake.

Kitendawili. Hapana, anasema Tabu, na ulimi unasema, Tega. Nimeingia ukumbini, wote wamenikodolea macho, hakuna aliyeitikia salamu. Wafu, anasema. Siyo. Nipe mji. Sitoi! Tela linazidi kasi, sufuria zinaanguka, mtu asiye na uso anasogea mpaka magoti yao yanagusana. Chukua Mpwapwa, chukua, niache! Nilikwenda Mpwapwa, wakanipa maji ya mtungini, nikanywa nikashiba, jibu ni picha ukutani. Mabega ya Mhina yanatoweka. Juu ya usukani kimebaki kisogo peke yake. Umebaki na Muheza, anasema kiongozi, taratibu kabisa. Muheza ndiko alikoolewa, ndiko alikomzaa Semeni. Akiutoa mji huo, huyu mwanamume atakuwa nani wake? Kitendawili. Anajiziba mdomo kwa mikono miwili, neno linapenya vidoleni. Tega. Changu tangu kuzaliwa, wenzangu wote wamekiona, mimi sijakiona. Tabu analia, anatazama dirishani kile kidogo kilichosalia cha mumewe, na anapiga ukelele: Kisogo!

Kiongozi anavaa kofia yake. Mwendo unapungua. Na huko mbele kichwa kinaanza kugeuka, polepole, sikio, kisha ukingo wa shavu, na Tabu, aliyekuwa akimsihi ageuke, sasa anamwomba Mungu asigeuke.

Mama Semeni. Anafumbua macho. Mhina yuko mlangoni na kikombe cha maji, na uso wake wote uko pale, pengo la meno na jasho la puani. Umeota nini, umegonga dirisha mpaka nimekusikia nje. Tabu anampapasa nyusi, pua, midomo. Wewe mwanamke, anacheka Mhina, usije ukaanza vituko vya Kilosa, ulivyocheka mpaka ukakaa chini katikati ya barabara. Tabu anaitafuta Kilosa. Peupe. Anaitafuta Mpwapwa. Peupe vilevile. Nilicheka nini, Baba Semeni? Umesahau mara hii? Nisimulie, anasema, na anamshika mkono kwa nguvu mpaka mumewe anaguna. Mhina anakaa kitandani, anaanza kusimulia, na Tabu anamtazama mdomoni neno kwa neno, hajui kama anarudishiwa alichopoteza au kinatungwa sasa hivi, na hathubutu kugeukia dirisha aone kama wamesimama au wanakwenda.