Kipaza Sauti cha Majengo

Kipaza sauti cha Majengo kilinunuliwa kwa mchango wa watu, na masharti yake yakapitishwa kwa kunyoosha mikono. Faki ndiye atakayesoma matangazo, na kila tangazo litaanza na maneno haya: "Kamati imekubali." Asipoyasema, mtu asitoke nyumbani kwake. Walikubaliana hivyo, wakapiga makofi, wakaenda zao kunywa chai.

Asubuhi ya msako, wakati wa Hali ya Hatari, afisa mmoja mzungu aliingia na askari wake katika ukumbi wa kamati, kilimowekwa kipaza sauti. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia ndani.

"Ambia watu unga ya bure iko uwanjani," alimwamuru Faki. "Wote kuja."

Mzee Nahashon, mwenyekiti wa kamati, akajisimamisha mbele ya mashine. "Bwana, hiki ni chombo cha watu. Ngoja tuite mkutano, tupige kura."

Kura! Maskini, mzee wa watu. Askari alimpiga usoni kwa kitako cha bunduki, na alipoanguka wakaendelea kumpiga palepale sakafuni mpaka miguu yake ikaacha kutupatupa. Kisha wakamgeukia Faki. Walimvunja kidole, wakamvunja cha pili, wakamsogezea maikrofoni mdomoni.

Hapo likamjia wazo, na katika maumivu yale moyo ukamtulia kidogo. Atatangaza uongo wao wote, ila hatasema kamati imekubali. Watu watajua tu. Mkewe Muhiba, mama wa binti yao Zaitun, aliyenyoosha mkono kabla ya wote siku ile ya kura, ataongeza komeo mlangoni.

"Jamani, unga wa bure umefika uwanjani," alisema. "Njooni nyote."

Akatega sikio. Milango ikaanza kufunguka, mmoja, halafu mingi. Watu walitoka na vikapu na makarai, wakiitana na kucheka, maana njaa ilikuwa imewashika. Walikuwa wamezoea kumsikia akiwatangazia mechi, mazishi na watoto waliopotea, na mtu ukishamzoea humsikilizi tena neno kwa neno. Faki alipayuka, "Rudini! Rudini!" lakini mashine ilikwisha kuzimwa.

Uwanjani walikuta seng'enge na marungu. Wa mbele walipogeuka kukimbia walikutana na wa nyuma wanaokuja, wakakanyagana, vichwa vikapasuliwa. Halafu risasi zikalia. Faki aliwaponyoka askari na kukimbilia huko huku akiita jina la mkewe kama mwendawazimu.

Alimkuta Muhiba kando ya seng'enge, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, damu ikimtoka kati ya vidole.

"Mama Zaitun, mbona umetoka?" alilia. "Hukunisikia?"

Muhiba alimshangaa.

"Si nimekusikia, baba Zaitun," alisema. "Ndiyo maana nikatoka."