Breki za Mkunga

Jumamosi asubuhi mkunga alifunika tangi la pikipiki yake kwa shuka kuukuu, maana mafuta ya breki yakidondokea rangi huila, akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo na ncha ya pili akaizamisha ndani ya chupa. Wifi yake, fundi cherehani, alipanda kwenye kiti kushika mkono wa breki.

"Bana," mkunga akasema. "Shikilia. Usiachie mpaka nikwambie."

"Wifi, hapa si leba."

"Kazi ni ileile. Haya, achia."

Wifi akibana, mkunga alilegeza nati, vipovu vikatoka, akakaza, ndipo akaruhusu kuachia. Pikipiki ilikuwa na ABS, mtambo unaobana na kuachia breki harakaharaka ili tairi lisiteleze, na upepo mwingine hujificha ndani ya pampu yake, kwa hiyo walikuwa wameshaiendesha kwenye changarawe nyuma ya nyumba, wakaifungia breki ghafla hadi pampu ikatetemeka, wakarudi kuanza upya. Walilowa jasho na walicheka ovyo.

Walikuwa kwenye vipovu vya mwisho lori la mchanga lilipopita mbio barabarani. Malori yalipita hivyo kila siku, kati ya nyumba na shule, na wazazi walishachoka kuomba tuta. Kila asubuhi binti wa mkunga alipovuka, mama yake alisimama mlangoni roho mkononi. Wifi alishtuka, akaachia kabla nati haijakazwa. Mpira ukanyonya. Ulinyonya mngurumo wote wa lori lile, na vumbi lake, na barabara yenyewe kidogo.

"Umeachia!"

"Nimeachia. Niue basi."

Mkunga akakaza nati, akabana breki mwenyewe kujaribu. Lori la pili, lililokuwa linakuja, likasimama. Ikasimama na baiskeli nyuma yake, na maji aliyoyamwaga jirani kando ya barabara yakabaki hewani mbele ya beseni. Kwa kuwa breki zilikuwa na ABS, hakuna kilichoteleza wala kupinduka. Kila kitu kilisita kwa vitetemo vidogo. Dereva akachungulia dirishani.

"Dada, una breki nzuri. Umetia mafuta gani?"

"DOT namba nne."

"Mimi bosi ananitilia yoyote," dereva akasema kwa wivu, akangoja aachiwe.

Jumatatu mkunga aliegesha pikipiki mbele ya shule, akabana, na watoto wakavuka. Walivuka wakicheza. Wengine walivuka kinyumenyume, wengine wakarudi na kuvuka tena bila sababu, na binti yake akalala chali katikati ya lami aone tumbo la lori lilivyo. Mkunga alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu binti aanze shule.

Wiki hiyohiyo ofisa wa barabara alipita, gari lake likasimama kama mengine. Akashuka, akaizunguka pikipiki, akafurahi kwelikweli.

"Mama, umetuokoa. Sasa tuta la nini tena?"

"Tunalitaka palepale tulipoliomba, mheshimiwa. Mimi saa moja natakiwa zahanati. Walio tumboni hawaningoji."

"Si yupo wifi yako?" ofisa akauliza, kisha akamwomba aachie breki, ana haraka.

Basi wifi akahamishia cherehani yake barabarani. Watoto wakifika, mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye breki, wa kushoto ukaongoza kitambaa, na miguu haikuacha kukanyaga. Kazi ilimnogea, maana madereva waliosimamishwa walikuwa na suruali zilizochanika na muda wa kungoja. Wakimtania kwamba amewafunga, aliwaambia wavue haraka, foleni ndefu.

Mkunga akawa anakwenda kazini kwa miguu. Asubuhi ya kwanza alikuwa amefika konani, kelele za watoto wanaovuka bado zikimfikia, akatabasamu peke yake. Kisha kelele zikaisha, wifi akaachia, na lori likaja nyuma yake kwa kasi ileile ya siku zote. Mkunga akarukia mtaroni. Dereva akampungia mkono kwa heshima zote, na mkunga, maji machafu yakimfika magotini, naye akampungia.