Ganzi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alizinduka wodini baada ya kupasuliwa. Kizazi chake kilichokuwa kimeshuka kilikuwa kimepandishwa na kushonwa. Akajifinya chini ya shuka, karibu na mshono. Hakusikia maumivu yoyote, kama amefinya godoro! Miaka thelathini ya kushona ilimfundisha kwamba mkono ukiteleza, mkasi hauchagui cha kukata. Wamenikata mshipa wa fahamu, aliwaza, jasho likimtoka.

"Unaumwa, mama?" muuguzi akauliza.

Akaona akikiri kwamba hasikii kitu, atakuwa amejihukumu mwenyewe. "Naumwa sana, mwanangu. Nakufa!"

"Basi sindano ya ganzi haikushika. Ngoja nimwite daktari akuchome nyingine."

"Nyingine?" Fundi akamdaka mkono. "Nimekudanganya, mwanangu. Sisikii chochote!"

Muuguzi akacheka hadi akaegemea kitanda. "Ndiyo kazi yake, mama! Daktari alikuchoma ganzi hapo kwenye mshono ili usiteseke. Jioni itaisha."

Fundi hakucheka. Alilala akiikodolea macho saa ya ukutani. Jua lilipopungua, mshono ukamchoma kama sindano ya cherehani iliyopita kidoleni. Akauma shuka, machozi yakimtiririka, akaunong'oneza uchungu huo, "Karibu. Ulikuwa wapi siku nzima?"