Bata Juu ya Mabua

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu ambao hawajawahi kukaa San Telmo. Ya San Telmo hayakumwagika hata tone. Yalizolewa.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba, Nana Librada alikuwa akianika samaki wadogo kwenye mkeka wa matete nje ya jiko lake, pale marehemu mumewe alipokuwa akifunga mtumbwi. Ziwa la Pátzcuaro siku hizi lilikuwa mbali, utepe wa kijivu nyuma ya mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Akasikia mabawa, akainua macho. Bata wa kaskazini walikuwa wamefika. Walizunguka, wakashusha miguu, wakatua hewani usawa wa kizingiti cha juu cha mlango wake, wakaanza kuogelea.

"Mwaka huu wamechelewa," alisema jirani yake Delfina.

"Baridi ndiyo iliyochelewa." Nana Librada akawafunika samaki wake kwa shuka, maana bata hawana adabu.

Kufikia mchana kukuziwa nao walikuwa wamekuja, na ndege mwari wawili watatu. Wote walielea kimo kimoja, kile kile ambacho maji yalisimama zamani. Walipopiga mbizi walifika kwenye mabua, wakaibuka na midomo mitupu. Wanaume walioenda kuwinda bata wa sikukuu walisimama shambani na kurusha mikuki juu; mkuki uliokosa ulibaki ukielea, ikabidi iletwe ngazi.

Kilichowasumbua watu ni pumzi. Hakuna aliyeagiza, ila kila aliyepita chini ya ndege wale aliibana. Delfina alienda kinuni mashavu yamemvimba, akarudi hivyo hivyo. Nana Librada alikuwa akikoroga chungu, kisha anaacha mwiko na kupanda juu ya benchi, kichwa kipite usawa wa ndege, ili aheme. Kifua kilimbana tangu asubuhi. Na huu ndio mwaka aliopewa jiko la Bikira, kupikia kijiji kizima siku ya sikukuu, zamu aliyoingoja tangu alipokuwa bi harusi. Ufunguo wa stoo ya masufuria makubwa ulining'inia shingoni mwake, na kila mara aliugusa kuona kama bado upo.

Bwana wa mashamba ya parachichi kule mlimani, don Anselmo, alikuwa na pampu ufukweni na bomba nene kama nguruwe lililopita nyuma ya kanisa. Yeye husema ziwa limenywewa na jua. Aliposikia kwamba watu wa serikali wanakuja kuliangalia, akaamuru fataki zipigwe kuwafukuza ndege. Ndege walipiga mbizi, wakangoja moshi upungue, wakaibuka.

"Watawafukuza tu bata hawa," alisema Delfina. "Wakishaondoka, nani atakumbuka maji yalifika wapi?"

Nana Librada aliingia jikoni. Alichukua ndoo ya chokaa ya kulainishia mahindi, akafunga tambara kwenye upondo wa mumewe, akaanza kuchora mstari chini ya matumbo ya bata. Alianza na ukuta wake mwenyewe, akaja kwa Delfina, akapita shuleni. Kanisani, penye mwinuko, mstari uligusa ngazi ya kwanza tu. Kwenye kibanda cha pampu ndege waliogelea juu kabisa ya paa, kwa hiyo alikipaka chokaa chote, na mlango wake.

Watu wa serikali walikuja. Waliutazama mstari, wakavuka shamba mashavu yamewavimba, wakala kwa don Anselmo, wakasema ni jua.

Kesho yake Tata Nabor, mkuu wa kamati ya sikukuu, alisimama mlangoni kwa Nana Librada.

"Nana, umepaka mali ya mtu."

"Nimepaka na yangu. Mbona hiyo huisemi?"

"Usinichekeshe. Don Anselmo ndiye anayelipa bendi. Anataka uufute ule mstari, na umwombe radhi mbele ya watu. Neno moja tu, Nana."

"Kwani bendi inapikwa? Mimi ni mpishi tu."

"Usipoomba radhi, na jiko hupati. Kamati imekwisha sema." Akabana pumzi, akaachia. "Mimi sipendi. Lakini wajukuu zangu wawili wanavuna kwake."

Bata mmoja alipita, unyayo ukagusa kofia ya Tata Nabor. Akaiweka sawa. Ufukweni pampu ilianza kunguruma, na bomba nyuma ya kanisa likatetemeka kama linavyotetemeka kila siku saa hiyo.

Nana Librada alihangaika na fundo la uzi wa ufunguo shingoni mpaka Delfina, aliyekuwa mlangoni kwake, akasogea kumsaidia; Nana Librada akamkataza kwa kichwa. Fundo likafunguka. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Tata Nabor na kumkunja vidole, kimoja kimoja.

"Sufuria kubwa inavuja upande wa kishikio," alisema. "Mwambie atakayepika asiijaze."

"Nana Librada. Niseme nini kwake?"

Alipanda juu ya benchi, akahema, akashuka na kuinua ndoo.

"Mwambie mstari wa chokaa haujafika kinuni, naenda kuumalizia. Na mwambie siombi radhi."