Namba ya Siri ya Baba Amina

Mrisho alikuwa na saini ambayo ungeweza kuitundika ukutani. Ilianza na M yenye mgongo mrefu, ikapanda, ikashuka, ikajizungusha mara mbili chini ya jina la baba yake, halafu ikaishia kwenye nukta aliyoigonga kwa nguvu mpaka upande wa pili wa karatasi ukavimba. Miaka thelathini na moja aliyofanya ukarani katika stesheni ya reli ya Dodoma, hakuna mzigo ulioondoka wala treni iliyoingia bila saini ile. Hata baada ya kustaafu, majirani wa Makole waliendelea kumletea mikataba yao ya kupangisha vyumba awe shahidi. Mkewe, Zuleha, aliamini kabisa kuwa nusu yao hawakuhitaji shahidi yeyote, walitaka tu karatasi ipendeze.

Kwa hiyo benki ilipompa kadi, Mrisho aliipenda kwa sababu ambayo benki haikuifikiria. Mashine ya dukani ikitoa kile kikaratasi cha kutia saini, aliikataa kalamu ya duka, akatoa yake ya wino mfukoni, akaomba kiti. Watu kwenye foleni nyuma yake walihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Zuleha alisimama kando na kikapu chake akijifanya anaona haya, na ukweli ni kwamba alikuwa anaona fahari. Alimpenda mzee wake katika dakika ile kuliko katika saa nzima ya kumsikiliza akilalamikia chumvi ya mboga.

Halafu benki ikageuza mambo. Ujumbe uliingia kwenye simu kwamba kadi za zamani mwisho wake mwezi huo, waje wachukue mpya, saini haitatumika tena dukani, na kila mteja atakuwa na namba yake ya siri. Mrisho aliusoma, akaurudia, kisha akaiweka simu juu ya meza kwa upole.

"Wameichoka saini yangu," alisema.

"Wameichoka ya kila mtu, Baba Amina. Usijipe umuhimu."

Walikwenda pamoja, maana walikwenda pamoja kila mahali tangu Amina, binti yao wa pekee, aolewe na kuhamia Chamwino. Dada wa benki, Yudith, aliwaamkia shikamoo wote wawili, akaeleza utaratibu. Tarakimu nne. Achague kitu asichoweza kusahau. Zisiandikwe popote.

"Na asijue mtu yeyote, baba. Si mtoto, si rafiki. Hata mama hapa asijue."

Aliyasema akitabasamu, kama alivyokuwa akiwaambia wateja wote tangu asubuhi. Lakini Yudith hakumjua Mrisho. Mrisho ni mtu wa reli. Ukimwambia mstari fulani hauvukwi, yeye atasimama hatua tatu nyuma yake. Alimtazama mke wake wa miaka thelathini na nane, akakohoa, akamwomba akae kule kwenye viti. Kisha akainamia kile kimashine na kukizungushia mkono mzima, namna mwanafunzi anavyomficha mwenzake hesabu zake.

Zuleha alikaa. Kuna kitu kilimchoma kifuani, akasingizia baridi ya kiyoyozi.

Neno lenyewe ndilo lililomkera. Siri. Zuleha ni mtu wa Kondoa, lakini alilelewa Tabora kwa shangazi yake, na nyumba ile ilijifunza maana ya siri kwa uchungu. Mume wa shangazi alikuwa mfanyabiashara mpole, mtu wa swala tano, asiyelala nje ya nyumba yake isipokuwa siku za safari. Alipofariki, hata arobaini haijafika, akaja mwanamke kutoka Urambo na watoto watatu wenye masikio yaleyale ya marehemu. Shangazi alisema mke mwenza si tatizo, dini imeruhusu. Alichokililia ni kwamba kwa miaka kumi na minne alikuwa akimwandalia chakula mtu asiyemjua. Zuleha alikuwa na miaka kumi na mitano, naye ndiye aliyekaa kumpangusa machozi.

Saini ya Mrisho ilikuwa jambo la hadharani. Zuleha angeweza kuichora kwa kidole juu ya unga, macho kafumba. Sasa palikuwa na kitu kidogo tu, tarakimu nne, ambacho mumewe alikibeba kichwani na yeye hakuruhusiwa kukiona. Dukani alisogezwa kando. Famasi alisogezwa kando. "Mama Amina, hebu tazama kule," Mrisho alisema, na Zuleha akatazama kule, kwenye rafu ya sabuni za kuogea, mpaka akazijua zote kwa majina.

Alimpigia Amina simu.

"Mama, hiyo ni sheria ya benki," Amina alisema huku akicheka. "Hata ya kwangu mume wangu haijui."

"Nyie mna miaka kumi tu ya ndoa. Mimi hela zake sina shida nazo. Nataka kujua kama kuna mahali kwa baba yako ambapo mimi sifiki."

Amina aliacha kucheka. "Si umuulize, mama?"

Hakumuuliza. Aliona kuuliza ni sawa na kupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Badala yake akaanza kupika chai bila iliki. Mrisho aliinywa siku tisa mfululizo akihisi kuna kitu kimepungua duniani, asijue ni kitu gani, na hakuthubutu kuuliza.

Siku ya kumi, Alhamisi, walikwenda kuchukua miwani ya Zuleha katika duka moja karibu na soko la Majengo. Mwenye duka, Anyesi, binti mcheshi mwenye koti jeupe, alimvalisha mwenyewe na kuirekebisha nyuma ya masikio. Zuleha aliinua uso akaitazama dunia. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni kofia ya mumewe na mshono uliopinda upande wa kushoto, alioushona yeye akiapa kwamba umenyooka. Alimwangalia mzee aliyetembea miaka miwili na mshono ule bila kusema neno, na moyo wake ukalainika kidogo. Alikuwa bado hajamsamehe.

"Bibi umependeza," Anyesi alisema. "Mzee, utalipa taslimu au kwa kadi?"

"Kadi." Mrisho akaichomeka. "Mama Amina, hebu tazama kule."

Sasa, duka la miwani halina kule. Kila ukuta ni kioo. Zuleha aligeuka kulia akauona mkono wa mumewe juu ya vitufe, akageuka kushoto akauona tena, mkubwa zaidi. Angeweza kuiba zile tarakimu pale pale, na miwani ilikuwa mipya. Akafumba macho. Alitaka kupewa, kuiba hakutaka.

Mashine ililia. Mrisho akabonyeza tena, polepole, na mashine ikalia tena.

"Mzee, imekataa mara mbili," Anyesi alisema kwa upole. "Ikikataa ya tatu kadi itafungwa."

Zuleha alifumbua macho. Alitegemea kuona aibu usoni mwa Mrisho, na labda angefurahi kidogo. Alichokiona ni hofu. Kaka yake Mrisho, Shaaban, alianza hivyohivyo, kwa kusahau vitu vidogo, na alipofariki alikuwa akiwaita wanawe "hawa vijana." Mrisho hakuwahi kulizungumza jambo hilo, lakini tangu mazishi yale alikuwa akijaza mafumbo ya gazeti kila asubuhi mithili ya mtu anayekunywa dawa. Kinyongo cha siku zote zile kilimtoka Zuleha. Akamsogelea, akamshika kiwiko.

"Umeisahau?"

"Sijaisahau, ndiyo inayonitisha. Naikumbuka vizuri kabisa, na siyo yenyewe."

"Niambie."

Mrisho alimtazama Anyesi. Binti wa watu akaelewa, akaenda nyuma ya kabati kupanga vifuko vya miwani, akaanza kuimba chinichini ili wajue hasikii.

"Ni saa," Mrisho alinong'ona.

"Saa gani?"

"Saa uliyoshuka."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Zuleha alikuwa na miaka kumi na tisa, akitoka Tabora kwenda Kondoa kumwona bibi yake, na kikapu chenye galoni la asali miguuni. Treni ilichelewa kuingia Dodoma. Akapeleka kikapu ofisini kwa karani akitunze hadi basi la Kondoa lipatikane, na galoni likavuja juu ya meza, juu ya kitabu kikubwa ambamo wino wa kuingia kwa treni ile ulikuwa haujakauka. Karani hakugomba. Alisema kisa kama hicho lazima kiandikiwe ripoti, asubiri, na ripoti ile ya mistari sita ilimchukua mpaka alasiri. Basi la Kondoa liliondoka bila yeye.

Zuleha alisimama katikati ya vioo vyote vile akajiona kila upande, mwanamke mzima mwenye miwani mipya na mdomo wazi. Siku zote alizogeuzwa kutazama sabuni, kilichokuwa kinafichwa ni yeye mwenyewe.

"Umebonyeza nini?" aliuliza.

"Sifuri nane arobaini na tano. Ndivyo ilivyo kitabuni. Niliandika mimi. Kule madukani kidole kilikwenda chenyewe, leo nimefikiri kwanza, nikakiona kitabu."

Ni kweli aliandika yeye, kwa saa ya reli, inayoanza kuhesabu usiku wa manane. Mrisho hajui nyingine. Ramadhani hufuturu saa kumi na nane na nusu, na wajukuu hawajachoka kumcheka.

Zuleha alifikiri. "Siku ile benki, ilikujiaje? Ulikiona kile kitabu?"

Mrisho alifumba macho. "Hapana, sikukiona. Yule dada alisema kitu nisichoweza kusahau. Nikakusikia wewe, unavyowahadithia wajukuu, akina Mudrick."

"Huwa nasemaje?"

"Unasema, treni ikanitupa Dodoma saa..." Akafumbua macho.

"Saa tatu kasorobo," Zuleha alimalizia. "Saa ya watu, Baba Amina. Mbili na dakika arobaini na tano."

Mrisho alibonyeza bila kuficha, kitufe kimoja kimoja, na Zuleha hakutazama kule. Sifuri, mbili, nne, tano. Mashine ilifikiri, kisha ikatema kikaratasi, na Mrisho akashusha pumzi ndefu iliyotia ukungu kwenye kioo cha meza.

Anyesi alijitokeza. "Samahani mzee, mimi nimesikia. Siimbi kwa sauti kubwa kiasi hicho. Afadhali ukaibadilishe."

Wakatoka kuelekea benki. Walipofika kwenye kivuli cha jengo Zuleha alisimama, kwa sababu hakutaka kwenda mbele na jambo lile tumboni.

"Mimi nilidhani una mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Mtu. Kama yule wa Urambo."

Mrisho hakucheka, na kwa hilo Zuleha alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alivua kofia, akaishika mkononi. "Mimi nilidhani umeikasirikia benki," alisema. Kisha akasema tena, akiitazama ile kofia, "Mama Amina, mimi kichwa hiki sikiamini tena. Mkono nilikuwa nauamini. Nikasema, nikiweka saa uliyokuja, siku nikiisahau hiyo, basi hata hizo hela hazitakuwa na kazi kwangu."

Zuleha alilia pale kivulini, na miwani mipya ikaloa siku yake ya kwanza. Alimpenda. Alikuwa amempenda hata kwenye chai isiyo na iliki, na alimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na mzee ndipo akajua dunia ilipungukiwa nini.

Mashine ya kutolea hela ilikuwa nje ya benki, ndani ya kibanda chake. Mrisho akachomeka kadi, akaweka namba ya zamani, na kioo kikaomba mpya. Akarudi nyuma.

"Weka wewe."

"Niweke nini?"

"Unachotaka. Mimi nageuka."

"Walisema asijue mtu."

"Walisema ajue mmoja tu," alijibu karani wa reli. "Hawakusema nani."

Akahesabu hatua tatu, akageukia ukuta, mikono nyuma. Zuleha aliutazama mgongo wake, kola aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi, shingo iliyokonda tangu msiba wa Shaaban. Mgongo ule haukutikisika hata kidogo kutaka kuchungulia. Akakaribia vitufe, akachagua, na kioo kilipomwambia arudie akarudia bila kukosea.

Tangu siku ile Mrisho hanunui hata dawa ya meno peke yake. Kila akitaka kwenda mjini huvaa kofia yake mapema, akatoka, akasimama langoni. Juzi jirani yake Yotham alimkuta hapo juani, kadi mfukoni, bodaboda mbili zimeshampita, akamuuliza anangoja nini muda wote huo.

"Mwenye namba," Mrisho alisema, "anavaa viatu."